Chupa Iliyofungwa kwenye Kanga

Haya niliyasema Jumamosi alasiri, Tandika, Dar es Salaam, mbele ya ndugu wanaouguza wagonjwa wa saratani. Wengi waliokosa kuja wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, asante kwa viti na kwa turubai, maana jua la saa nane halina huruma.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Kazi yangu ni kuhangaika na maumivu, kutapika, kukosa usingizi, kidonda kinachonuka, na hofu ya mtu mwenye ugonjwa mzito, awe anategemea kupona au hapana. Nimeombwa nizungumzie mafuta ya bangi. Nimewaona baadhi yenu mmegeuka kuangalia nyuma nilipolitaja. Tulieni. Tunazungumza habari za wagonjwa wetu.

Nianze na mama mmoja. Jina lake silitaji, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi siku tano kwa wiki, na kila wiki dripu moja ya sisplatini, dawa ya kemo, yaani dawa kali ya kuua seli za saratani. Wengi wenu dripu hiyo mnaijua. Jumatatu moja binti yake alimleta kwa bajaji, na hakuwa yule mama niliyeagana naye Ijumaa. Macho mekundu, midomo imekauka, ameshikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili anasema kitanda kinazama. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo: zaidi ya 130 kwa dakika. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na nundu. Usiku alianguka akienda msalani.

Daktari wa zamu, kijana makini, alifanya alichofundishwa. Mgonjwa wa saratani amechanganyikiwa ghafla na amegonga kichwa: akaandika picha ya ubongo, vipimo vya damu, kipimo cha malaria. Binti akatoka nje kuwapigia simu wajomba wachange hela. Saa mbili zikapita hivyo, simu kwa simu. Nikamfuata, nikakaa naye kwenye benchi. Nikamuuliza, "Mwanangu, kuna kitu kingine mama anatumia?" Akasema hakuna. Nikanyamaza, sikuondoka. Baada ya muda akaanza kulia, akafungua fundo kwenye pindo la kanga aliyojifunga kiunoni, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyobanduliwa lebo. Ndani mlikuwa na mafuta meusi, mazito kama lami, yananuka majani yaliyoungua ndani ya mafuta ya nazi. Alimpa mama kijiko kimoja cha chai saa mbili usiku. Saa tatu hakuona kitu. Akampa kingine.

Daktari alipoambiwa, alimpima mama upya na kuona picha ya ubongo inaweza kusubiri. Tukamweka kwenye chumba chenye kivuli, dripu ya maji, binti amekaa pembeni amemshika mkono. Kesho yake jioni mama alikuwa ananiita kwa jina.

Nilimuuliza binti kwa nini. Jibu lake ndilo lililonileta hapa leo. Alisema, "Dada, mama hajala siku nne. Kila nikimpa uji unarudi. Nikaambiwa haya mafuta yanazuia kutapika." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na aliyeniuzia alisema yanamaliza na uvimbe."

Chupa moja, maneno mawili. La kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ni uongo. Yamechanganywa humo kiasi kwamba mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kuyatenganisha peke yake.

Lakini kabla sijafika huko, niseme kosa letu. Nilirudi kwenye faili la yule mama. Ukurasa wa wiki iliyopita, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe, kulikuwa kumeandikwa: "anatapika kidogo". Nilimuuliza mbio mbio, foleni imefika mlangoni, naye akajibu kidogo. Mama zetu ndivyo walivyo. Ukimuuliza hujambo, atasema sijambo hata kama ana jambo kubwa kuliko nyumba. Nami nikaliandika neno lake na kuita anayefuata. Siku nne za beseni kando ya kitanda zikaishia kwenye neno moja. Tangu siku ile siulizi tena "unatapika?" Nauliza: tangu jana asubuhi umetapika mara ngapi? Maji yanakaa? Mkojo una rangi gani?

Sasa mmea wenyewe. Ndani ya bangi mna kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi. Ya kwanza inaitwa THC, ndiyo inayolewesha. Ya pili ni CBD, hiyo haileweshi kwa namna ile. THC ilitambuliwa na kutengwa mwaka 1964 huko Israeli na Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni. Miaka zaidi ya 20 baadaye wanasayansi wakagundua kwamba mwili wa binadamu una vipokezi vyake, kama vitasa vinavyosubiri ufunguo, na THC inaingia kwenye vitasa hivyo. Mwili wenyewe unatengeneza funguo zake zinazofanana na hiyo. Vipokezi hivi vipo kwa wingi kwenye ubongo, na baadhi vipo kwenye sehemu zinazohusika na kichefuchefu, hamu ya kula na hofu. Ndiyo maana yule mama aliona kitanda kinazama. Dawa haikukosea njia. Ilifungua vitasa vyote kwa pamoja.

Habari ya kutapika haikuanzia kwa wauzaji wa vichochoroni. Miaka ya 1970 dawa za kemo zilikuwa zinatapisha watu mpaka wengine wanakataa kuendelea na tiba. Boston, Marekani, vijana waliokuwa wakitibiwa saratani waliwaambia madaktari wao kwamba wakivuta bangi kabla ya kemo, hawatapiki sana. Madaktari hawakuwafukuza. Waliwasikiliza, wakafanya jaribio la THC ya kumeza dhidi ya kidonge kisicho na dawa, wakachapisha matokeo mwaka 1975: THC ilisaidia. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha dawa mbili za vidonge kwa ajili hiyo, dronabinoli na nabiloni. Ni THC iliyotengenezwa maabara na dawa inayofanana nayo, kila kidonge na miligramu zake.

Miaka ya karibuni watafiti wa Australia waliwachukua wagonjwa ambao walikuwa wanatapika kwenye kemo ingawa walishapewa dawa za kawaida. Waliendelea na dawa zao, na juu yake wakaongezewa ama kidonge cha THC na CBD, miligramu 2.5 za kila moja, ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata kidonge cha kweli, asilimia 24 hawakutapika wala kuhitaji dawa ya ziada. Upande wa pili ilikuwa asilimia 8. Zitazameni namba hizo kwa makini, kwa sababu ndizo ukweli wote wa chupa. Kuna waliosaidika, na si kwa bahati. Lakini robo tatu bado walitapika au walihitaji dawa nyingine, na usingizi na kizunguzungu viliongezeka kwa waliokuwa wanameza. Kwa hiyo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2024, kinaruhusu dawa hizi ziongezwe kwa mtu mzima ambaye dawa za kawaida zimeshindwa. Ziongezwe juu ya zile. Hazichukui nafasi yake.

Kwa maumivu ya saratani, habari si nzuri hivyo. Kuna dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD iliyojaribiwa kwa wagonjwa ambao mofini, ile dawa kali ya maumivu, haikuwatosha. Kwenye majaribio makubwa haikuishinda dawa isiyo na kitu. Kwenye hamu ya kula pia majaribio mazuri yametoa matokeo hafifu. Nasema haya kwa masikitiko, maana ningefurahi yangekuwa vingine.

Na uvimbe je? Mzee mmoja pale mbele ameshaniuliza kabla hatujaanza, kwamba aliona kwenye simu video ya bangi ikiua seli za saratani. Mzee wangu, inawezekana video ni ya kweli. Kwenye sahani ya maabara THC imeua seli za saratani. Maji ya moto nayo yanaziua kwenye sahani. Kazi ni kuziua ndani ya mtu na kumwacha mtu akiwa salama. Watafiti wa Hispania walijaribu, wakachapisha mwaka 2006: wagonjwa tisa wa saratani ya ubongo ambayo tiba ilishindikana, wakawekewa THC ndani kabisa ya uvimbe. Haikuwadhuru vibaya. Lakini hawakupona, na hapakuonekana dalili ya wazi kwamba waliishi zaidi. Mwongozo uleule wa 2024 unasema bangi isitumike kama tiba ya saratani yenyewe nje ya utafiti.

Aliyemuuzia binti yule alimwambia aache mionzi mafuta yafanye kazi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kijiko. Saratani ya mlango wa kizazi ikipata mionzi na kemo kwa wakati, watu wanapona, nawaona wakirudi kliniki wakiwa wamevaa vizuri, wamenenepa. Mionzi ikikatizwa wiki mbili tatu, ile nafasi inapungua, na hakuna atakayeirudisha. Muuzaji hatakuwepo siku hiyo. Namba yake itakuwa haipatikani.

Nirudi kwenye kijiko, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Dawa ya kumeza ya bangi haifanyi kazi haraka. Inapita tumboni, inapita kwenye ini, na ini linaibadilisha kuwa kitu kingine kinacholewesha vilevile. Inaweza kuchukua saa moja, mbili, hata zaidi, kabla mtu hajasikia chochote, kisha ikakaa mwilini saa sita, nane na kuendelea. Binti alisubiri saa moja. Ni saa moja ya mtu anayemtazama mama yake akitapika, na mimi simlaumu. Lakini kile kijiko cha pili kilifika wakati cha kwanza ndiyo kinaanza. Na kijiko chenyewe kilikuwa na kiasi gani? Kidonge cha watafiti kilikuwa na miligramu 2.5. Kijiko cha mafuta ya kichochoroni kinaweza kuwa na mara kumi ya hiyo, au mara mia, au kisiwe na kitu ila mafuta ya nazi na rangi. Chupa ya leo na chupa ya wiki ijayo, hata zikitoka kwa mtu yuleyule, si dawa moja.

Kuna na lingine, wagonjwa wa saratani za nyonga mara nyingi wanapata damu kuganda mguuni, mguu unavimba, wanapewa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. CBD na THC zinaweza kulizuia ini lisiivunje wafarini kama kawaida. Wafarini inajaa, mtu anatoka damu. Daktari anapunguza dozi, anaongeza, anashangaa, kwa sababu hajui kuna chupa kwenye kanga. Na wanaovuta: mgonjwa ambaye kemo imemshusha chembe nyeupe za damu asivutishwe moshi wa majani yenye ukungu. Ukungu ule ukiingia kwenye mapafu yake, hana askari wa kuupiga.

Sheria mnaijua. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuisafirisha na kuitumia. Kuwa na mgonjwa nyumbani si kinga, kwa hiyo sitasimama hapa kumwambia mtu akaitafute. Najua Lesotho walianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, Zimbabwe mwaka 2018, Malawi na Rwanda wakafuata. Mengi ya mashamba hayo ni ya kuuza nje. Usidhani mgonjwa wa kijijini Malawi anaipata dirishani kama panado.

Tarehe 2 Desemba 2020, kule Vienna, nchi wanachama wa Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya zilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, orodha ya dawa zinazobanwa zaidi, ilimo heroini. Ikabaki kwenye Jedwali la Kwanza. Na kwenye Jedwali la Kwanza kuna nani mwingine? Mofini. Mofini inatoka kwenye ua la afyuni. Kisheria ni dawa ya kulevya, na sheria yetu inaidhibiti. Lakini leo hii, hapa Dar es Salaam, bibi mwenye saratani ya titi anapewa mofini ya maji kwenye chupa yenye lebo, na sirinji ya kupimia, na maandishi ya saa ngapi anywe ngapi. Mmea haukubadilika kuwa mtakatifu. Watu waliupima, wakajua miligramu, wakaweka daftari la kutolea na mtu wa kuwajibika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ni wangu mwenyewe. Siku wataalamu wetu watakapoona vidonge vile vilivyopimwa vinafaa kuletwa, vikasajiliwa, vikapewa wale wachache ambao dawa zote zimeshindwa kuwazuia kutapika, nitakuwa wa kwanza kufurahi. Nimekaa na watu hao wachache usiku, na sitaki kumnyima mtu nafuu kwa sababu ya jina la mmea.

Ila wengi wenu hamjafika huko. Wengi mnaotafuta chupa, mgonjwa wenu hajapata bado zile dawa zilizopo.

Dawa ya kemo ikiingia, inaziumiza seli za utumbo, utumbo unamwaga kemikali inayopeleka habari kwenye ubongo: tapika. Ondansetroni inaziba habari hiyo njiani. Lakini lazima itangulie. Apewe kabla ya dripu, asingojewe atapike kwanza. Anapewa pia deksamethasoni, nayo inasaidia kuzuia kutapika. Halafu kuna kutapika kwa siku ya pili mpaka ya tano, mgonjwa akiwa nyumbani, na hapo ndipo wengi wanaachwa. Usiondoke kwenye dirisha la dawa bila vidonge vya nyumbani. Ukiambiwa vimekwisha, rudi kwa daktari akuandikie vya kununua, usirudi nyumbani mikono mitupu. Na akiendelea kutapika, kuna olanzapini, kidonge kimoja kidogo cha usiku. Ndugu wakisoma karatasi yake wanashtuka, kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ni kweli, na kwa dozi ndogo inazuia kutapika vizuri sana, na mtu analala. Msimnyang'anye.

Kwa wenye sisplatini niongeze: dripu ile ni kali kwa figo, na mwili usio na maji unazimaliza figo haraka. Mgonjwa akishinda mchana kutwa maji hayakai, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usisubiri siku ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo.

Mofini nayo mnaiogopa. "Akianza mofini ndiyo basi." Nimelisikia hilo tangu naanza kazi. Wanaokufa baada ya kuanza mofini wengi wao ni kwa sababu imecheleweshwa mpaka mwisho. Mwingine anaianza leo, maumivu yanatulia, anaenda harusini. Mofini ya maji ni chungu, inanywewa kila baada ya saa nne kwa saa, haingojewi maumivu yarudi. Inafunga choo, kwa hiyo ianze pamoja na dawa ya kulainisha choo, siku ileile. Mkiona mgonjwa hajapata choo siku tatu, semeni, msiache mofini.

Yule mama, dripu yake iliyofuata, tulimpanga upya. Ondansetroni na deksamethasoni kabla, vidonge vya nyumbani vikafungwa kwenye bahasha tatu zilizoandikwa asubuhi, mchana, usiku, na olanzapini. Binti alikuja wiki iliyofuata na daftari la shule la kurasa 48. Alichora mstari kwa kila mara mama alipotapika. Jumanne mistari miwili. Jumatano mmoja. Alhamisi hakuchora kitu, aliandika tu: "uji bakuli zima, na papai." Mama alimaliza mionzi yake yote. Chupa binti aliniachia mwenyewe bila kuombwa.

Nimeleta daftari kama lile, zipo kwenye boksi pale kwa mama mwenye kitenge cha kijani, kila familia ichukue moja. Mwenyekiti amesema tuna nusu saa ya maswali, waanze wazee. Na kama kuna mtu leo amekuja na chupa kwenye pochi, au ameiacha nyumbani chini ya mto, asisimame kuuliza mbele ya watu. Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja. Njoo, kaa, niambie amekunywa ngapi na saa ngapi.